Vigae Nilivyovificha Kichuguuni

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Nimeishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea udongo kuliko kalamu, kwa hiyo herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mkikuta neno nimelikosea, lisomeni kwa wema, mtalielewa. Naandika polepole, jioni hii kidogo na jioni nyingine kidogo, nikishaosha mikono.

Kilichonifanya nitafute kalamu ni harufu. Juzi mvua ya kwanza ilinyesha huku kwetu, ikapiga rundo la vigae vya vyungu nililonalo nyuma ya nyumba. Vigae vikavu vikinyeshewa havinuki kama shamba. Vinanuka moshi wa zamani na maji baridi kwa pamoja, kama unapoinamisha uso kwenye mdomo wa mtungi mpya. Nilisimama mlangoni nikiinusa harufu ile, na mara nikawa tena yule msichana mwenye sketi ya shule iliyofupika, anayetazama mawingu kwa hofu.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya zamani, ile ambayo wazee wanasema misafara ilipita kwenda Ujiji na kurudi pwani. Siku hizi ni njia ya baiskeli na ng'ombe. Lakini ukilima kando yake, jembe halikosi kugonga kigae, na vingine vina michoro ambayo hakuna mwanamke wa kwetu anayeichora. Upepo ukitoka Kipalapala tunasikia kengele ya seminari. Mama alikuwa akiisikia ya mchana anainjika ugali.

Nilikuwa mtoto wa haya. Mwalimu akiuliza swali, jibu nililijua, lakini lilipanda mpaka kooni likakaa hapo, kama kuku aliyegoma kuingia bandani. Wageni wakija, mimi niko nyuma ya ghala. Nikitumwa dukani nikakuta watu wamejaa barazani, narudi na hela mkononi na chumvi sina. Mama alikuwa akisema nimezaliwa na mdomo wa akiba, siku moja nitaanza kuutumia.

Mwaka ule nilimaliza mtihani wa darasa la saba nikawa nyumbani nasubiri matokeo, ingawa moyoni nilijua hayatakuja na habari njema. Baba alikuwa Urambo kwenye mashamba ya tumbaku. Mdogo wake mama, ambaye ana duka la vitenge Nzega, alikuwa amejifungua mapacha na anataka msichana wa kumsaidia. Mama aliona ni bahati. Nzega ni njia panda, watu wengi, magari ya kila upande. Alisema huko nitachangamka. Mimi nilipowaza watu wale wote wakiniuliza bei ya kitenge, nilirudi nyuma ya ghala.

Ng'ambo ya uwanja wetu aliishi shangazi Kalunde, dada yake baba, mfinyanzi. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko kinachowafikia watu kabla yake. Vyungu vyake vilikwenda mnadani, na mafrateri wa seminari walikuja kununua vya maua. Tangu mdogo nilipenda kukaa karibu naye akifinyanga, kwa sababu mikono yake ikiwa na kazi hakunidai maneno. Siku moja nikiwa nyuma ya ghala, mahali pangu, nilimsikia akizungumza na mama.

"Wifi, huyu mtoto anakwenda Nzega kufanya nini?"

"Kulea. Na hapa atafanya nini? Chumvi tu inamshinda kununua."

"Niachie mimi."

"Wewe unamwona anakaa kwako unafikiri anajifunza. Anajificha yule."

"Basi tuweke neno. Mvua haijanyesha. Akitoa chungu kimoja motoni kabla ya mvua, kizima, kikashika maji, anabaki na mimi. Asipotoa, mfungie nguo zake aende."

Mama akasema, "Kishike maji kweli. Si cha kuwekea maua."

Hivyo ndivyo maisha yangu yalivyowekwa ndani ya chungu ambacho hakijafinyangwa. Niliapa nyuma ya ghala lile, bila sauti, kwamba nitakitoa.

Udongo wa shangazi ulitoka mbugani, kwenye shimo ambalo mama yake na bibi yake walichimba pia. Kulikuwa na mwiko mmoja. Ukishafika ukingoni, husemi. Husalimii, huitiki, huimbi, hucheki, mpaka mzigo uko kichwani na shimo umeliacha nyuma ya mgongo. Mara ya kwanza nilipomuuliza mama sababu, alisema niulize mwenyewe kwa shangazi, na mimi sikuuliza. Ila niliwahi kumsikia shangazi akiwatania wanawake waliokuwa wakipiga soga njiani: "Punguzeni. Udongo ukisikia maneno mengi nao utajifunza kusema, na utasemea motoni."

Mniamini, sijapata kupenda mahali kama nilivyopenda shimo lile. Wanawake walioniita bubu nyumbani, hapo wote walikuwa bubu kama mimi. Kulikuwa na sauti ya jembe tu, na udongo ukitoka kwa vipande vizito, baridi, unaonata vidoleni.

Kufinyanga kwenyewe nilikujua kwa macho. Nilijua kuukanda udongo mpaka uache kuwa na mapovu, kuuzungusha kamba juu ya kamba, kuuparua kwa kipande cha kibuyu, kuusugua kwa kokoto laini mpaka ung'ae. Nilifinyanga chungu changu cha kwanza nyumbani kwetu, nyuma ya jiko, nimewapa watu mgongo. Kilipokauka nilikipeleka, shangazi akakigeuza, akasema umbo ni zuri kuliko alivyotegemea. Tukakipanga pamoja na vyake juu ya magome na kinyesi kikavu cha ng'ombe, tukafunika nyasi, tukawasha.

Moto ulikuwa bado mbichi niliposikia. Pa. Kisha pa nyingine. Sauti ndogo tu, kama mtu anayevunja karanga. Moto ulipokufa, vyungu vya shangazi vilikuwa vimekaa vyekundu kama vimeamka usingizini, na mahali pa changu palikuwa na vipande.

"Cha kwanza huwa kinakwenda," shangazi alisema. "Changu pia kilikwenda. Finyanga kingine."

Masanja, binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Alinizidi mwaka mmoja na maneno mengi sana. "Mfinyanzi hulia gaeni," akasema. "Wewe mwenzetu una magae ya kulisha ukoo mzima."

Nilikusanya vipande vyangu kwenye kanga kabla havijapoa vizuri, nikaenda navyo mpaka kwenye kichuguu nyuma ya shamba la mihogo. Kilikuwa na tundu kubwa upande mmoja. Nikavimwaga humo, vikashuka vikilia, nikaziba na majani. Sikutaka mtu avione tena, hata mimi mwenyewe.

Sasa sikilizeni jinsi kichwa changu kilivyofanya kazi. Nilikumbuka kwamba siku ile ya kuchimba, tukirudi, nilikuwa nimevuma wimbo wa kwaya puani tukiwa bado karibu na shimo. Nikajiambia, ndiyo hiyo. Udongo umesikia. Kwa hiyo nilipoanza chungu cha pili sikunyamaza shimoni tu. Nilinyamaza nikikanda, nikifinyanga, nikichota maji. Asubuhi niliamka mdomo umefungwa kama mlango wa stoo. Mama akinituma, naitikia kwa kichwa.

Akaja mzee wa kanisa, mtu wa heshima, na mimi nimeshika chungu kibichi mikononi.

"Mwangaluka, mwanangu," akanipa salamu ya asubuhi.

Nikamtazama. Chungu kilikuwa kinasikia. Nikapiga goti nusu, nikakaa kimya.

"Huyu mtoto haumwi?" akamuuliza mama.

"Haumwi, mzee. Anafinyanga," mama akajibu, na jicho alilonipa nilikuja kulilipia mgeni alipoondoka. "Shikamoo hutoi? Kwa mzee yule? Chungu gani hicho kinachokula adabu?"

Nilivumilia. Nilijua nikishakitoa kizima watanielewa wote. Nikakichoma peke yangu, moto mdogo nyuma ya jiko, siku shangazi alipokwenda mnadani, ili asione kama kitavunjika.

Kilivunjika. Na cha baada yake kikavunjika. Kila kilipopasuka nilizidisha ukimya, na kila nilipozidisha ukimya kilipasuka mapema zaidi. Kichuguu kikawa kinajaa. Masanja alianza kuniita Mama Vigae, na watoto wa jirani wakalipenda jina. Shangazi alipouliza naendeleaje, niliitikia kwa kichwa, naye akaelewa kwamba naendelea.

Jua lilikuwa limeshaanza kuuma kwa namna ile ya kabla ya mvua. Upande wa Nzega mawingu yalisimama mchana kutwa bila kusogea. Mama mdogo alipiga simu, nikamsikia mama akisema, "Wiki ijayo, Mungu akipenda." Jioni alifua nguo zangu, alfajiri nikaamka nikaziona zimekunjwa ndani ya begi lake la safari, begi lililokaa juu ya kiti kama mgeni anayesubiri chai.

Nililia kidogo. Nikaosha uso. Halafu nikachukua kipande cha udongo kilichobaki nikaenda nacho kwa shangazi, si kwa sababu nilikuwa na mpango, ila kwa sababu begi lile sikuweza kukaa nalo chumba kimoja.

Shangazi alikuwa anatwanga vigae kwenye kinu. Nilimwona akifanya hivyo tangu utoto. Alitwanga vyungu vilivyovunjika, pamoja na vile vigae vya kale vinavyookotwa kando ya barabara ya misafara, mpaka viwe unga wenye chenga, akaujaza kwenye gunia dogo karibu na mlango. Kuku walikuwa wakiukimbilia wakidonoa chenga zake. Mimi nikajua ni chakula cha kuku, cha kukaza maganda ya mayai. Kwa kuwa nilipenda kusaidia bila kuambiwa, kila nilipopita nilichota konzi moja nikawarushia.

Siku ile nilikaa nikatazama. Akachekecha unga ule. Kuku wakaja, akawafukuza. Akatandaza udongo mbichi juu ya gunia, akaunyunyizia unga juu yake kama mtu anayetia chumvi, akaanza kuukanda kwa visigino.

Swali lilipanda kifuani likafika kooni, likakaa. Nililijua kukaa kwake. Ndilo lililokaa darasani, ndilo lililokaa dukani. Nikaona begi juu ya kiti. Nikaona vitenge, na watu wanaouliza bei.

"Shangazi," nikasema. Sauti yangu ilitoka na kutu. "Hiyo ni ya nini?"

Akasimama, mguu mmoja juu ya udongo. "Ipi?"

"Hiyo ya kuku."

"Ya kuku?"

"Unga wa vigae. Kwani si ya kuku?"

Shangazi alinitazama, akatazama gunia, akatazama kuku. "Wewe chako ulikuwa unatia nini?"

"Situmii kitu. Udongo mtupu."

"Na gunia lililokuwa linapungua kila siku, mimi nasema mwanangu anafanya kazi?"

Niliwaonyesha kuku kwa kidole.

Alicheka mpaka akakaa chini, juu ya udongo wake mwenyewe. "Ndiyo maana mayai mwaka huu hayapasuki," akasema akijifuta machozi. "Kuku wangu wamekuwa mitungi." Masanja aliyekuwa anatengeneza mnyororo wa baiskeli alikuja kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akaanguka kwa kicheko.

Kisha shangazi akaacha kucheka, akanivuta karibu. Akaniambia udongo mtupu ukipashwa moto unajikaza wote kwa wakati mmoja, hauna pa kupumulia, ndiyo unapasuka. Kigae kimeshaufahamu moto. Ukikichanganya humo, kinaushika mkono udongo mgeni. "Wala si kazi ya siri," akasema. "Ungeuliza siku ya kwanza ningekwambia siku ya kwanza. Haya, vigae vyako viko wapi?"

"Kichuguuni."

"Kafukue."

Peke yangu niliogopa, kwa sababu tundu kama lile ni nyumba ya nyoka. Masanja akaja na jembe na fimbo ndefu. Alichokonoa kwanza, akipiga kelele za kumtisha nyoka ambaye hakuwepo, halafu tukafukua. Vipande vilikuwa vingi kuliko nilivyokumbuka. Nilivitambua. Mdomo ule ni wa chungu cha kwanza, kitako kile cha siku ya mzee wa kanisa. Masanja akavitazama akasema, "Kumbe ulikuwa unajua kuvipiga midomo vizuri." Ndilo jambo jema la kwanza alilowahi kuniambia. Akabeba gunia yeye.

Nilitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Juu yake nikaongeza kigae kimoja cha barabarani, chenye mistari iliyokatizana, nilichokuwa nimekiokota nikipalilia. Nikafinyanga vyungu viwili, safari hii uwanjani kwa shangazi, watu wakipita, na nikauliza. Niliuliza unga kiasi gani. Niliuliza nitajuaje kimekauka. Wengine waliopita walisimama kusikiliza kama vile mbuzi ameongea. Masikio yaliniwaka moto, lakini niliuliza.

Mawingu hayakungoja. Nilivikausha kivulini, kisha ndani, karibu na mafiga, navigeuza kila mara kama mikate. Asubuhi tuliyochoma, upepo ulishaleta ule ubaridi wa mvua iliyo karibu. Mama alikuja akasimama pembeni na mikono yake kifuani. Nikasikia pa.

Moja tu. Nilisubiri ya pili nimeuma meno. Haikuja.

Matone ya kwanza yalidondoka juu ya majivu yakilia tss, tss, na shangazi akavivuta vyungu kwa mti mrefu. Kimoja kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni. Kingine kilikaa pale, chekundu upande mmoja na cheusi upande wa pili, kidogo, kimepinda shingo. Shangazi alikigonga kwa kidole. Kikaitikia kwa sauti ndefu, safi. Mama akakichukua kikiwa bado na joto akakifunga kwenye kanga, akakimbia nacho ndani kwa mvua.

Kilipopoa alikijaza maji, akakiweka juu ya mchanga mkavu, ili kama kinavuja mchanga useme. Tulilala hivyo. Alfajiri niliamka nikamkuta amechuchumaa, anapapasa mchanga kwa kiganja. Ulikuwa mkavu. Akachota maji, akanywa, akanipa na mimi. Yalikuwa baridi, na yalinuka kama nilivyowaambia mwanzo. Kisha mama alikwenda kwenye kiti, akafungua begi, akaanza kuzitoa nguo zangu moja moja, akizirudisha kwenye kamba.

Matokeo ya mtihani yalipokuja sikuwemo. Nililia, ila nililia nikiwa nakanda.

Miaka mingi niliamini kwamba kilichoniokoa ni unga ule. Nilipokuwa mkubwa kidogo, siku moja tukirudi mbugani, nilimuuliza shangazi kwa nini hasa hatusemi shimoni. Nilitegemea habari ya udongo unaojifunza maneno. Akasema ule ni utani wa mama yake wa kuwatuliza watoto. Shimo lile huanguka. Zamani liliwahi kumfukia mwanamke wa kwao. Kabla ukuta haujaanguka hutoa sauti ndogo sana, kama mtu anayemeza mate, na anayepiga soga hawezi kuisikia. "Tunanyamaza ili tusikie," akasema.

Nilitembea na mzigo kichwani nikiliwaza lile mpaka nyumbani. Wao walinyamaza ili wasikie. Mimi nilinyamaza ili nisisikike. Kwa nje vinafanana kabisa, mtu hawezi kuvitofautisha, na mimi nilikuwa nimeviweka chungu kimoja. Nilivificha vigae vyangu kwa sababu hiyo hiyo niliyojifichia nyuma ya ghala, na dawa yangu yote ilikuwa imelala humo kichuguuni na majani juu.

Siku hizi sifichi. Rundo langu liko wazi nyuma ya nyumba, kila mpita njia analiona, na halipungui. Kwa sababu, niwaambie ukweli, bado vinavunjika. Mwaka huu nimeshika jambo ambalo hata shangazi hakuwahi kulifanya, mtungi mkubwa wa kuweka maji ya nyumba nzima, unaonifika kiunoni. Unapasuka kila mara mahali pale pale, begani, pale ninapounganisha tumbo na shingo. Nimeongeza unga, nimepunguza unga, nimekausha polepole, nimekausha kwa majani mabichi juu. Unapasuka. Nautwanga, naanza mwingine. Shangazi mkono wake umezeeka, ameniambia hapo ndipo anaponiachia.

Kwa hiyo nimefanya lile ninaloliweza sasa. Kama wewe unayesoma ni mfinyanzi, au mama yako ni mfinyanzi, au uliwahi kukaa karibu na mtu aliyefinyanga mitungi mikubwa, niandikie. Usijali mwandiko, umeuona wangu. Niambie kwenu bega la mtungi mnaliunganishaje, na mnachanganya nini. Mvua imeanza, siwezi kuchoma mpaka ikatike. Ninao muda wa kusoma.